Ukurasa ukigoma kufunguka: ufute data, ubadili kivinjari, ubadili mtandao au usubiri?

Kijana aliingia dukani kwangu jioni, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi, laptop ikiwa wazi mikononi kama amebeba sinia la chai. "Kaka, tovuti imegoma kabisa." Nikamuuliza ameshafanya nini. Alikuwa ameshafanya kile ambacho wateja wangu wengi hukimbilia kwanza: kufuta kila kitu kwenye kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome. Ctrl, Shift na Delete, visanduku vyote tiki, tangu mwanzo wa matumizi. Manenosiri aliyohifadhi kwa miaka mitatu yakaenda, akaunti zote zikamtoa nje, na ile tovuti ikawa bado inaandika 503, namba ambayo seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, huitoa ikiwa imezidiwa au imesimamishwa kwa muda. Laptop yake haikuwa na kosa lolote.

Nina steshenari ndogo Morogoro, kompyuta nne na printa mbili, na siku hizi kuwajazia watu fomu za mtandaoni kunanipa kazi kuliko kutoa kopi. Kila wiki naona dawa zilezile zikitumika kwa ugonjwa wowote. Nimeamua kuziweka ubavuni kwa ubavu, maana kila moja inatibu mahali pake na kila moja ina gharama, na gharama ya nyingine ni kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Namba kwanza

Kosa linaweza kukaa sehemu tatu tu: kwenye kifaa chako, njiani, au kwenye seva ya tovuti. Ukurasa wa kosa mara nyingi unakuambia ni wapi, ila watu hawausomi kwa sababu umeandikwa kwa lugha ya mafundi.

Ukiona namba yenye tarakimu tatu, mfano 404 au 502, ujue umefika. Kuna seva imepokea ombi lako na kukujibu, kwa hiyo bando lako lipo na njia ipo. Namba zinazoanza na 5 ni za upande wao: 500 ni hitilafu ndani ya seva, 502 na 504 ni seva ya mbele imeuliza ya nyuma ikapata jibu bovu au ikakosa jibu kabisa, 503 nimeshaieleza. Zinazoanza na 4 zinalalamikia ombi lako: 404 anwani haipo (kagua herufi, hasa kama umeinakili kutoka WhatsApp na nukta ya mwisho wa sentensi ikaja nayo), 403 umekatazwa kuingia, 429 umeomba mara nyingi mno kwa muda mfupi.

Usipoona namba, bali maneno marefu ya herufi kubwa, hapo mara nyingi hujafika. DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN kwenye Chrome maana yake jina la tovuti halikupatikana kwenye daftari la majina. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT maana yake ulibisha hodi, hakuna aliyeitika. Kufuta data ya kivinjari kwa makosa hayo mawili ni sawa na kufagia nyumba kwa sababu daladala imechelewa.

Kurifreshi kwa kawaida, au kwa nguvu

Hizi zinafanana kwa macho tu. Kurifreshi kwa kawaida kunaruhusu kivinjari kitumie vipande vya ukurasa kilivyovitunza, yaani kache. Ukibonyeza Ctrl na F5, au Ctrl, Shift na R, kinaviruka vile vya zamani na kuvivuta vyote upya kutoka kwenye seva. Kwa tovuti iliyobadilishwa sura juzi na kwako inaonekana imevurugika, maandishi yamepandana, kitufe hakibonyezeki, hii ya pili ndiyo yenyewe, na hutapoteza chochote zaidi ya bando kidogo.

Lakini kuna mahali ambapo kurifreshi kwa aina yoyote ni hatari. Mama mmoja alikuja kulipia ada ya mwanawe, akabonyeza kulipa, ukurasa ukawa mweupe. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye F5. "Mama, tafadhali usiguse kwanza." Kivinjari kinaporudia ukurasa uliotumwa kwa fomu, kinaweza kuituma ile fomu mara ya pili, na ndiyo maana huwa kinauliza kama kweli unataka kutuma upya. Swali hilo likitokea mbele ya malipo, jibu ni hapana. Fungua kichupo kingine, ingia kwenye akaunti, tazama orodha ya malipo, tazama meseji kwenye simu. Siku ile meseji ilikuwa imeshaingia. Fedha ya ada ilikatwa mara moja, ikabaki hivyo.

Dirisha fiche, au kufuta data

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Dirisha fiche (kwa Kiingereza incognito au private; kwenye kompyuta ni Ctrl, Shift na N kwa Chrome na Edge, au Ctrl, Shift na P kwa Firefox) watu wengi hulidhania ni la siri. Siri yake ni ndogo: mwenye mtandao wa ofisi na kampuni yako ya simu bado wanaona unakokwenda. Faida yake kubwa ni nyingine. Dirisha hilo linaanza bila vidakuzi vyako (cookies au kuki, vikumbusho ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili ikutambue), bila kache yako ya zamani, na kwa kawaida bila viendelezi (programu ndogo za kuongezea kivinjari) isipokuwa ulivyoviruhusu mwenyewe. Kwa mbofyo mmoja umewatoa chumbani washukiwa watatu, na ukilifunga kila kitu chako kipo kama ulivyokiacha.

Kufuta data kunawatoa wawili tu kati ya hao, vidakuzi na kache, tena kunawatoa moja kwa moja, na hakukuambii aliyekuwa na hatia. Ukitia tiki kwenye vidakuzi, unatolewa kwenye akaunti zote, si ile yenye tatizo tu. Kwa mtu ambaye namba ya kuthibitishia iko kwenye laini aliyoipoteza, kutolewa ni kufungiwa nje. Ukitia tiki kwenye kache, utavuta tena picha na faili za tovuti zote unazotembelea, na bando linalipia. Ukitia tiki kwenye manenosiri, na hukuyaandika popote, basi.

| | Inapima nini | Unapoteza nini | Muda |
|---|---|---|---|
| Kurifreshi kwa nguvu | Kache ya ukurasa mmoja | Hakuna, ila angalia malipo na fomu | Sekunde |
| Dirisha fiche | Vidakuzi, kache, viendelezi | Hakuna | Sekunde |
| Kufuta data ya tovuti moja | Vidakuzi na hifadhi ya tovuti hiyo | Kuingia upya kwenye tovuti hiyo | Dakika 1 |
| Kufuta data yote | Haipimi, inafagia | Akaunti zote, bando, pengine manenosiri | Dakika chache, halafu siku nzima ya kuingia upya |
| Mtandao mwingine | Njia | Bando la simu | Dakika 2 |
| Kusubiri | Seva | Muda wako | Haijulikani |

Kwa hiyo utaratibu wangu: fungua dirisha fiche, jaribu anwani ileile. Ikigoma vilevile, tatizo karibu hakika haliko kwenye vidakuzi wala kache, na usizifute. Ikifunguka, umepata mtaa wa mkosaji, sasa tafuta nyumba. Zima viendelezi kimoja kimoja, ukianzia na vinavyozuia matangazo, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyovikuta mara nyingi vimezuia dirisha la malipo au kitufe cha kupakia vyeti. Kama viendelezi havihusiki, futa vidakuzi vya tovuti hiyo peke yake. Kwenye Chrome ya kompyuta bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia kwenye vidakuzi na data ya tovuti, ufute vya pale pale. Kwenye simu ya Android ingia mipangilio, mipangilio ya tovuti, tovuti zote, uitafute kwa jina.

Kache na vidakuzi vina dalili tofauti, na ukizijua unaokoa hatua. Ukurasa mbovu kwa sura, kitufe kilichokufa, picha ya zamani inayong'ang'ania: hiyo ni kache. Unaandika nenosiri sahihi na unarudishwa pale pale pa kuingilia, au unaona ERR_TOO_MANY_REDIRECTS, au namba 400 pamoja na maneno yanayotaja kuki kubwa mno: hapo ni vidakuzi, na vya tovuti hiyo tu. Ile 400 inatokea pale tovuti imekurundikia vidakuzi mpaka mzigo unaotumwa na kila ombi unazidi kipimo ambacho seva inakubali. Rifreshi hata mara mia, haitasaidia. Futa vya tovuti hiyo, na itafunguka hapo hapo.

Kivinjari kingine: kipi?

Mtu anatoka Chrome anakwenda Edge, kisha Opera, kisha Brave, tatizo linabaki, anasema amejaribu vivinjari vinne. Kwa kweli amejaribu injini moja, yaani ule mtambo wa ndani unaouchora ukurasa. Vyote hivyo vinaendeshwa na Chromium (Opera tangu 2013, Edge tangu Januari 2020). Kuhama kutoka Chrome kwenda Edge bado kuna maana, kwa sababu vidakuzi na viendelezi ni vipya kule, lakini hilo dirisha fiche lilishakupimia. Ukitaka kupima injini, nenda Firefox, maana ina yake, Gecko. Mwenye iPhone afahamu kwamba kwenye simu yake Chrome na Firefox kwa kawaida hutumia WebKit, injini ileile ya Safari, kwa hiyo kwake kipimo cha kweli ni kukopa kompyuta au simu ya Android.

Opera Mini naitaja peke yake kwa sababu bado ipo kwenye simu nyingi za wateja wangu, hasa wanaobana bando. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa hupita kwanza kwenye seva za Opera, unasindikwa kule, ndipo unaletwa kwako ukiwa mwepesi. Kwa kusoma habari ni nzuri mno. Kwa kujaza fomu ndefu zenye vitufe vinavyotegemea programu ndogo ndani ya ukurasa, inaleta taabu: unachagua mkoa, orodha ya wilaya haitokei. Kabla hujailaumu tovuti, ifungue kwa Chrome au Firefox.

Na kompyuta za zamani. Chrome ilikomea toleo la 109 kwenye Windows 7 na 8.1, mwanzoni mwa 2023. Kompyuta yenye toleo hilo itazidi kukutana na kurasa zisizofunguka vizuri mwaka hadi mwaka, na kufuta data hakutaisaidia hata kidogo. Firefox iliendelea kuzihudumia kwa muda mrefu zaidi kupitia toleo lake la 115 ESR (lile linalohudumiwa kwa muda mrefu), ila hiyo ni kusogeza siku tu. Kama Windows 10 au mpya zaidi inaingia kwenye mashine hiyo, iweke.

Mtandao mwingine, DNS, au VPN

Kama kosa halina namba, na tovuti zaidi ya moja zinasumbua, acha kivinjari kipumzike. Kipimo cha haraka kuliko vyote ni kuwasha hotspoti ya simu yenye laini ya kampuni nyingine. Ikifunguka huko, tatizo lilikuwa kwenye mtandao wa kwanza, umeshamaliza uchunguzi.

Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kusini, mbali na pwani yetu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani. Siku zile nilipokea watu waliokuwa wamefuta programu na kuziweka upya, waliorudisha simu kama zilivyotoka dukani, na simu hazikuwa na kosa. Dalili ilikuwa wazi: tovuti nyingi kwa pamoja, vifaa vyote vya nyumba kwa pamoja. Ukiona hivyo, weka simu chini.

Kubadili DNS ni hatua ya katikati, na watu wengi wanairuka. DNS ndilo daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake. Daftari la kampuni yako ya intaneti likichelewa au likikosea, unaona ile NXDOMAIN kwa tovuti ambayo jirani anaifungua. Weka 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare kwenye mipangilio ya mtandao wa kompyuta. Kwenye Android 9 na kuendelea tafuta DNS ya faragha, uandike dns.google. Hailipiwi, haipunguzi kasi kwa kiasi cha kuonekana. Jambo moja tu: ukiingia Wi-Fi ya hoteli au ya chuo yenye ukurasa wa kuingilia, irudishe kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, la sivyo ukurasa huo unaweza usitokee.

VPN, programu inayoipitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine, naiweka mwisho hapa. Inakula bando zaidi, inapunguza kasi, na tovuti za benki na za serikali zinaweza kukutolea 403 kwa kuona unatokea nchi nyingine. Nimeshakutana na wateja ambao VPN ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Tuliizima, ukurasa ukafunguka. Tena Tanzania, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa za VPN wanazotumia, kwa hiyo mtu asiiwashe kama anawasha tochi.

Kuna nyakati DNS ikigoma, huna cha kubadili. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Badiliko kwenye mitambo yao wenyewe liliziondoa njia za kufikia seva zao za majina, na daftari la dunia likawa halina pa kuwapata. Jioni ile nilikuwa nikirudia jibu moja kwa kila anayeingia: simu yako nzima, rudi nyumbani.

Onyo la cheti: uendelee, au urekebishe saa?

Ukurasa mzima unakuambia muunganisho si wa faragha, na pembeni kuna njia ya kuendelea hivyo hivyo. Usiendelee kama utaandika nenosiri au namba ya kadi. Tazama kwanza saa na tarehe ya kompyuta. Cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake mbele ya kivinjari, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani tuko 2015 huona vyeti vyote havijaanza. Kwenye kompyuta za mezani zilizotumika hili ni ugonjwa wa kila siku: betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032, imekufa, na umeme ukikatika saa inarudi nyuma. Rekebisha saa, nunua betri, maonyo yanaondoka tovuti zote kwa pamoja.

Kama saa ni sahihi na onyo linatokea tovuti moja tu, basi cheti chao ndicho kimeisha au kina kasoro. Wasubiri wao. Kama ni tovuti nyingi na kifaa ni simu ya Android iliyo chini ya 7.1.1, tatizo ni orodha ya vyeti iliyomo ndani ya simu: cheti mama cha zamani kilichotegemewa na Let's Encrypt, shirika linalozipa tovuti nyingi vyeti bure, kiliisha Septemba 30, 2021, na mpango wa kuzibeba simu hizo ukaisha 2024. Firefox hubeba orodha yake yenyewe, kwa hiyo kama simu bado inaikubali, jaribu hiyo kabla ya kutafuta simu nyingine.

Kusubiri

Kwa 502, 503 na 504, kusubiri ndiyo dawa, na ni ngumu kuliko zote kwa mtu aliye kwenye siku ya mwisho. Juni 8, 2021 hitilafu ya kampuni moja ya kusambaza kurasa, Fastly, iliangusha tovuti nyingi kubwa duniani kwa muda wa kama saa moja, zikiandika 503. Hakuna msomaji yeyote aliyeweza kuirekebisha akiwa kwake.

Kusubiri nako kuna namna. Kurifreshi kila sekunde tano kunaongeza mzigo kwenye seva ambayo tayari imelemewa, na kunaweza kukuletea 429 juu yake. Mimi hujaribu kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Fomu iliyojaa nusu usiifunge: nakili majibu marefu uyabandike kwenye faili ya maandishi. Piga picha ya skrini inayoonyesha kosa, anwani, na saa ya kompyuta pembeni, maana ukihitaji kuwaandikia kwamba mfumo wao ulikuwa chini siku ya mwisho, picha hiyo ndiyo ushahidi ulio nao.

Yule kijana nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia tusiguse kitu. Seva ilirudi baada ya dakika arobaini. Tukafungua ukurasa wa kuingia, ukaomba nenosiri, nenosiri lilikuwa limefutwa. Tukaomba jipya, wakatuma kiungo kwenye barua pepe, nenosiri la barua pepe nalo lilikuwa limefutwa, na namba ya kuithibitisha ilikuwa kwenye laini ya dada yake aliyeko Ifakara. Dada alipokea simu saa tano na robo usiku. Maombi yalitumwa zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili.